Dhahabu ya Kakamega: Swali la 1932 larejea Ikolomani

MZOZO wa dhahabu katika eneo la Ikolomani, Kaunti ya Kakamega, umekuwa ukizungumzwa kana kwamba ulianza juzi. Ukweli ni kwamba wakazi wa Isulu na Bushiangala wamekabiliwa na swali lile lile lililowakumba babu zao zaidi ya miaka 90 iliyopita: Je, mwenye shamba ana usemi gani dhahabu inapopatikana chini yake?

Mnamo 1931, mlowezi kutoka Marekani, L.A. Johnson, aligundua dhahabu karibu na Kakamega. Uchumi wa dunia ulikuwa umedorora na bei ya mahindi na kahawa kuporomoka. Walowezi waliolemewa na madeni waliacha mashamba yao wakamiminika Kakamega kwa mamia, wakapiga mahema na kuchimbua ardhi ya Waluhya.

Kizingiti kilikuwa kimoja tu. Sheria ya 1930 iliahidi kwamba ardhi ya hifadhi za Waafrika ingekuwa yao milele, na kwamba kipande kikitwaliwa, wangepewa kingine mahali pake. Desemba 1932, serikali ya kikoloni iliirekebisha sheria hiyo haraka haraka. Ardhi yenye madini sasa ingeweza kutwaliwa bila kutolewa nyingine, wala baraza la wenyeji kushauriwa. Fidia ikawa pesa. Hatua hiyo ilizua lawama hata katika Bunge la Uingereza, lakini haikubatilishwa. Ahadi ya milele ilikuwa imedumu miaka miwili.

Mgodi mkubwa zaidi, Rosterman, ulifungwa mwaka wa 1952. Wawekezaji waliondoka na faida yao. Wenyeji wakabaki na mashimo. Tangu hapo, vizazi vya wachimbaji wadogo vimeteremka humo kwa kamba na tochi, huku wanawake wakiponda mawe na kutenganisha dhahabu kwa zebaki, sumu inayodhuru neva. Maporomoko ya migodi yameacha wajane na mayatima.

Leo sheria ni tofauti. Katiba ya 2010 inadai fidia ya haki kwa anayenyang'anywa ardhi. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii ya eneo la uchimbaji. Tena, maoni ya umma ni sharti yatafutwe.

Hata hivyo, kampuni ya Shanta Gold, iliyonunua mradi wa utafutaji dhahabu eneo hilo mwaka wa 2020, ilipowasilisha mpango wa mgodi mwaka wa 2025, ilibainika kwamba familia zipatazo 800 zingelazimika kuhama. Desemba mwaka huo, kikao cha kukusanya maoni kilivurugwa na ghasia.

Ghasia hizo hazipaswi kumshangaza yeyote anayeijua historia ya Kakamega. Kwa Mluhya, boma ndipo walipozikwa wazee wake, na hundi ya benki haihamishi makaburi. Ardhi katika kaunti hiyo ni haba; familia iliyolipwa pesa itapata wapi shamba jingine karibu na jamaa zake? Na ikiwa wenyeji watatawanyika, ni jamii gani itakayosalia kupokea ile asilimia 10, ambayo hailipwi mpaka dhahabu ianze kuuzwa?

Tofauti kati ya 1932 na sasa ni kwamba wakati huo wenyeji hawakuulizwa kabisa. Lakini kuulizwa baada ya ramani kuchorwa na nyumba kuhesabiwa si mbali sana na kutoulizwa. Serikali ikitaka kuepuka kosa la mkoloni, itabidi suala la ardhi mbadala, nafasi ya wachimbaji wadogo na orodha ya watakaopokea mrabaha liafikiwe na kuandikwa kabla ya familia ya kwanza kufungasha virago.