Haki Haikubuniwa na Plato

Wiki iliyopita mhadhiri mmoja alitangaza redioni kwamba haki na sheria ni zao la vichwa vya wanafalsafa wa Kigiriki, Plato na Aristotle, na kwamba kabla yao binadamu waliishi kwa mabavu tu. Kauli hii nimechoka kuisikia. Inakaririwa madarasani, inarudiwa kwenye mahafali, na ni uongo.

Plato alizaliwa karibu mwaka 428 KK. Draco alikuwa amewaandikia Waathene sheria tangu mwaka 621 KK hivi, na Solon akaja kuzifuta karibu zote mwaka 594 KK, akabakiza zile za mauaji. Huko Dreros, kisiwani Krete, ipo sheria iliyochongwa kwenye jiwe yapata mwaka 650 KK, inayomkataza mkuu wa mji kurudia cheo chake kabla ya miaka 10 kupita. Mji mdogo uliweka ukomo wa madaraka karne mbili kabla ya Plato kuzaliwa! Na Hammurabi, mfalme wa Babeli, aliwatangulia wote hao na sheria zake kwa zaidi ya miaka 1,000.

Nani aliwafundisha Wagiriki kudai haki? Deni. Mkulima wa Attica, eneo la Waathene, aliyeshindwa kulipa alichukuliwa utumwani yeye na wanawe, wengine wakauzwa ng'ambo. Wanyonge walipochachamaa, ndipo Solon akafuta madeni, akapiga marufuku kumweka mtu rehani, akampa raia yeyote ruhusa ya kushtaki kwa niaba ya aliyedhulumiwa. Kabla yake Hesiod, mshairi mkulima wa Boeotia, alikwisha kuwalaani wakuu wala rushwa katika ugomvi wa urithi na ndugu yake. Haki ilidaiwa na walionyimwa.

"Lakini Plato aliandika kitabu kizima kuhusu haki!" Basi aliyeandika kitabu cha uvuvi ndiye aliyeumba samaki? Aristotle naye alifundisha kwamba wako watu waliozaliwa kuwa watumwa, zaidi ya karne mbili baada ya Solon kuwakomboa Waathene waliofungwa na deni. Huyo ndiye baba wa haki?



Narudia: haki ilidaiwa na walionyimwa. Mhadhiri yule arudi redioni awaambie wasikilizaji hivyo.