KIPYA KINYEMI, LAKINI KAMERA YA CHAMA IWE NA KITUNDU

Wahenga walisema macho hayana pazia. Mimi mwana wa Kidato cha Tatu nathubutu kuongeza kwamba jua la Kisumu linalo pazia, nalo huliteremsha mbele ya skrini ya kamera kila ifikapo saa sita mchana. Ndiyo maana nimeshika kalamu, wapenzi wasomaji, kabla Chama chetu cha Kiswahili hakijaketi kuamua ni kamera gani itakayonunuliwa kwa pesa tulizokusanya.

Habari mnaijua. Kwa mihula mitatu tumeuza mandazi na njugu wakati wa mapumziko, tukachanga shilingi ishirini ishirini, na wazazi wakatuongezea kidogo. Pesa hizo zatosha kamera moja tu, wala si mbili. Ya kwanza tuliyoonyeshwa ni mpya, nyembamba, inaingia mfukoni, na mgongoni ina skrini pana. Mahali pengine pa kutazamia haina. Ya pili imekwisha kutumika, ni nzito kama tofali, nayo ina skrini pia, lakini juu yake ina kitundu cha kuchungulia ambacho mpiga picha hukiegemeza jichoni. Wanachama wengi wameikimbilia ile ya kwanza. Kipya kinyemi ingawa kidonda! Mimi nasema tuchukue ya pili, na sababu ninazo.

Kwanza, tukumbuke tunaishi wapi. Mstari wa ikweta unapita Maseno, mwendo mfupi tu kutoka mjini. Mwezi wa Machi na wa Septemba jua la adhuhuri husimama karibu wima juu ya vichwa vyetu. Mwanga hupimwa kwa laksi. Darasa lenye taa nzuri huwa na laksi 300 hadi 500, lakini uwanja wa michezo adhuhuri isiyo na mawingu hufikia takriban laksi 100,000. Sasa skrini ni nini kama si taa ndogo? Ukiwasha taa ndogo mbele ya jua, nani atashinda? Na ziwani ndiko balaa zaidi, maana maji nayo hukurudishia mwanga usoni. Hebu nenda Dunga siku ya Jumamosi uwatazame wanaopiga picha kando ya mashua. Mwenye skrini tupu utamwona ameikinga kwa kiganja kama mtu anayekinga kibatari na upepo, anageuka huku, anageuka kule, mwisho anabonyeza kwa kubahatisha. Mwenye kitundu anakiweka jichoni, uso wake wenyewe unazuia jua, kazi kwisha.

Msidhani haya ni mambo ya anasa. Mwaka jana mzee wetu wa langoni alistaafu. Wote twamkumbuka alivyotuhesabu asubuhi mmoja mmoja kama kuku, na jinsi alivyojua ni nani aliyetembea kutoka Nyalenda na ni nani aliyeshuka kwenye matatu. Alipigwa picha moja ya kumwaga, saa sita na nusu, kando ya mlingoti wa bendera, kwa kamera ya kuazima iliyokuwa na skrini peke yake. Aliyeipiga hakuona kitu ila mwangaza mweupe. Picha ilipotoka, kofia ya mzee haikuwemo, wala paji la uso. Imemkata juu ya nyusi, na mlingoti umemwotea begani. Likizo ya Desemba mzee akatutoka. Jamaa zake walipokuja shuleni kuomba picha ya kuweka kwenye kijitabu cha mazishi, tuliyokuwa nayo ni hiyo. Wakaishia kukuza ile ndogo ya kitambulisho. Sisi tunaojiita wahifadhi wa historia ya shule hii tulikuwa na nafasi moja tu, ikapita.

Sababu ya pili ni betri. Ndani ya kamera yenye kitundu mna kioo kidogo kilicholazwa mshazari. Mwanga huingia kwa lenzi, ukagonga kioo, ukapanda juu na kugeuzwa hadi jichoni mwako. Unapobonyeza, kioo huinuka upesi na kuuachia mwanga upige picha. Mtindo huu ulipata umaarufu mkubwa baada ya Nikon F kutoka Japani mwaka 1959, zamani za filamu. Kutazama kwa njia hiyo hakuli umeme hata kidogo. Skrini, kwa upande wake, hula betri muda wote imewaka, hata kama bado unawapanga watu mstari. Kwa vipimo vya watengenezaji wenyewe, Canon EOS M200 ya mwaka 2019, isiyo na kitundu, hupiga takriban picha 315 kwa chaji moja. Nikon D3500 ya mwaka 2018, ambayo inacho, hupiga takriban picha 1,550. Si mchezo! Nasi ni shule ya kutwa. Soketi ziko ofisini, na umeme ukipotea asubuhi ya Siku ya Michezo, mbio za kupokezana vijiti hazitatungoja.

Sababu ya tatu ni utulivu. Nyoosha mikono mbele ukishika kitabu cha fasihi, uhesabu hadi hamsini, uone kitabu kinavyotetemeka. Ndivyo inavyoshikwa kamera ya skrini. Lakini ukiibana kamera kwenye uso na viwiko kwenye mbavu, mwili wote unakuwa kama jiko la mafiga matatu, hautikisiki ovyo. Ukumbini jioni, wakati wa mashairi na maigizo, kamera hulazimika kuacha mlango wake wazi muda mrefu zaidi ili ikusanye mwanga hafifu. Hapo mkono ukitikisika kidogo tu, mghani anatoka na pua mbili.

Ya nne ndiyo naipenda zaidi: kitundu humfunga mtu katika kazi yake. Ukiwa umeweka jicho pale, humwoni rafiki anayekupungia, wala hujitazami ulichopiga sasa hivi huku linalofuata likikupita. Mkenya mwenzetu Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943, alifanya kazi miaka mingi bila skrini ya kumwonyesha papo hapo alichopata. Tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya alipopigwa risasi jijini Nairobi, Amin alifika upesi akapiga picha za saa ile ya majonzi. Mboya amezikwa Rusinga, katika ziwa hili hili letu, na picha zile zimebaki kuwa ushahidi. Mwaka 1984 Amin akapiga filamu za njaa ya Ethiopia zilizoutikisa ulimwengu. Mwaka 1991 alipoteza mkono kwa mlipuko huko Addis Ababa, na bado alirudi kazini hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1996. Sisemi kitundu ndicho kilichomfanya hodari. Nasema alijua kutazama kabla ya kubonyeza, na kamera inayokulazimisha kutazama ni mwalimu mzuri kwa wanagenzi kama sisi.

Hata hivyo, mwamba ngoma huvutia kwake, nami sitaki kuivuta ngoma hii hadi ipasuke. Wanaotetea skrini wana hoja, na wasikizwe.

Wanasema skrini ndiyo iliyowafungulia watu wengi mlango wa kupiga picha. Kweli. Casio QV-10 ilipotoka mwaka 1995 ikiwa na skrini ya inchi 1.8 mgongoni, mtu wa kawaida aliweza kuona picha yake hapo hapo bila kungoja filamu isafishwe. Wanasema tena kwamba ukitaka kumpiga mtoto kwa usawa wa macho yake, au kuinua kamera juu ya umati, huwezi kulala kifudifudi wala kupanda mabega ya mtu; skrini inakusaidia. Kweli pia. Wanasema kitundu cha kioo hakikuonyeshi kama uso utatoka mweusi tititi dhidi ya ziwa linalong'aa nyuma yake. Hilo nalo ni kweli, nalo latuhusu sana sisi wenye ngozi nyeusi: kamera ikidanganywa na mwanga wa maji, hutufanya vivuli. Nami niwaongezee mawili wasiyoyataja. Vitundu vya kamera za bei nafuu huonyesha takriban asilimia 95 tu ya picha yenyewe, na kioo kinapoinuka giza huingia, kwa hivyo ile nukta uliyobonyeza hasa ndiyo usiyoiona.

Lakini kuna hoja moja ya upande wao iliyonigusa kuliko zote. Mama anayeanika omena ufuoni humwona mtu amejificha nyuma ya kamera kubwa, akageuza uso, na ana haki. Mwenye skrini huonekana macho, anaweza kucheka na kuzungumza. Jibu langu ni kwamba heshima hainunuliwi dukani pamoja na kamera. Teremsha kamera kwanza. Amkia, "Shikamoo mama," ujitambulishe, uombe ruhusa, kisha ndipo uinue. Ukimaliza, sogea naye kivulini, umwonyeshe picha yake kwenye skrini. Akikataa, mshukuru uende zako.

Mmeona sasa? Kamera ile nzito haitunyimi skrini; inatupa vyote viwili. Tutapiga kwa kitundu, tutakagua kwa skrini kivulini. Uso ukitoka mweusi, tutaongeza mwanga na kurudia. Nyembamba ile ndiyo inayotunyima kimoja, na hicho kimoja ndicho tunachokihitaji saa ile ile matukio yetu yanapotokea. Ziko pia kamera za kisasa zisizo na kioo ndani, ambazo kitundu chake ni skrini ndogo iliyofichwa gizani, tangu Panasonic G1 ya mwaka 2008 ilipofungua njia hiyo. Hizo ni nzuri sana, lakini mfuko wetu tunaujua. Mtu hujikuna ajipatapo.

Kwa wale wanaovaa miwani na wanaohofia kuachwa nje: kando ya kitundu kuna kigurudumu kidogo. Kizungushe hadi maandishi ya ndani yasomeke vizuri kwa jicho lako, ukikumbuka kukirudisha kwa mwenzako. Na kwa wale wanaosema ni nzito, jamani, si sisi hubeba madumu ya maji kila Ijumaa kuosha madarasa?

Basi napendekeza haya kwa mwenyekiti, kwa mweka hazina na kwa mwalimu mlezi wetu. Kabla ya kulipa, tuwaombe wauzaji watuachie kamera zote mbili uwanjani saa sita mchana kwa dakika kumi tu. Kila mwanachama ampige mwenzake picha akiwa amesimama kando ya mlingoti, kwa hii na kwa ile. Kisha tuingie darasani tuzitazame, tupige kura. Nikishindwa hapo, nitanyamaza.

Mwisho wa mwaka huu mpishi wetu mkuu naye anastaafu. Amepika githeri ya shule hii tangu kaka zetu wakubwa wakiwa Kidato cha Kwanza. Ataagwa mchana, maana sisi wa kutwa hatuna jioni ya pamoja. Nataka picha yake itoke na kofia yake nyeupe yote, na uso wake wote.