DAWA NAYO YATAKA ISNADI



Wako wauza dawa wasimamao milangoni mwa misikiti wakinadi chupa za mitishamba kwa jina la Sunna, kuwa zatibu kisukari, presha na hata ukimwi. Ukiwauliza ushahidi, hukwambia imani yako ni dhaifu. Subhanallah! Sisi tusiopokea Hadithi bila ya isnadi, vipi twapokea dawa bila ya kujua nani kaijaribu, kwa wagonjwa wangapi na kwa kipimo gani?

Wenye kuifanya kazi hiyo wapo. Muhimbili ilianzisha kitengo cha utafiti wa tiba asili mwaka 1974. Watafiti hawaipigi vita mitishamba, bali huipambanua. Bibi Tu Youyou wa China alitambua kuwa kuchemsha huharibu nguvu ya mmea wa artemisia, akaitoa kwa joto dogo. Humo ndimo ilimotoka dawa mseto ya malaria tunayopewa zahanati, naye akatunukiwa Nobel mwaka 2015.

Kinyume chake ni Loliondo mwaka 2011: maelfu walikimbilia kikombe cha shilingi 500 kabla ya ushahidi, na wako walioacha dawa zao za hospitali.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa ajitiaye utabibu hali hajulikani kwa utabibu, dhamana ya madhara ni juu yake. Basi, enyi watu wa Mbwara, muuza dawa akija mwulizeni isnadi. Asipokuwa nayo, na aondoke na chupa zake.

Wabillahi tawfiiq.