Acheni Kumsingizia Mungu

"Kazi ya Mungu haina makosa," alisema mhubiri mbele ya jeneza la mama kijana, huko ndani kutoka Nangurukuru, hapa kwetu Kilwa, upande wa barabara iendayo Liwale. Waombolezaji wakaitikia amina. Akaendelea kwamba Mungu ni mwenye enzi yote, hata unywele haudondoki bila yeye kutaka, kwa hiyo tusiulize maswali. Nimeyasikia maneno haya misibani tangu utotoni, na safari hii yamenichosha.

Mama yule alijifungua salama, kisha damu ikaanza kutoka na haikukata. Wakampakia kwenye bodaboda, mama mkwe nyuma akimshikilia kiunoni, kitenge kimelowa hadi kwenye siti. Walipofika korongoni wakakuta maji yamejaa. Kalvati lilikuwa limesombwa na mvua za masika yaliyotangulia, na pembeni yake kulikuwa na rundo la kokoto lililokwisha kuota nyasi. Wakakaa pale wakisubiri maji yapungue. Yalipopungua, ilikuwa imekuwa safari ya kurudisha maiti.

Kokoto hazioti nyasi kwa amri ya mbinguni. Kuna aliyelipwa kuzishusha, kuna aliyepaswa kuuliza kwa nini hazijatumika, na kuna sisi tuliopita hapo mwaka mzima tukiziangalia. Wote hao waliondoka msibani wakiwa safi, kwa sababu mhubiri alikuwa amekwisha kumtaja mhusika, naye ni Mungu.

Nayasema haya nikiwa Mkristo ninayeungama kila Jumapili kwamba Mungu ni Mwenyezi, na sipunguzi chembe katika ungamo hilo. Lakini Kanisa tangu zamani limetofautisha kile anachokitaka Mungu na kile anachokiacha kitokee mikononi mwa watu aliowapa akili na hiari. Mwanafunzi wa kipaimara hufundishwa hivyo. Iweje mhubiri mwenye kanzu na kipaza sauti asahau?

Na kama vifo hivi ni mapenzi ya Mungu, mbona mapenzi hayo yanakimbia zege? Wazee wa Kusini wanakikumbuka kivuko cha Ndundu. Rufiji ukifurika, Lindi na Mtwara zinafungwa, malori yanalala foleni, wagonjwa wanabaki ng'ambo. Watu walisema ndivyo Mungu alivyotupangia. Mwaka 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja. Rufiji bado unafurika na Mungu bado yuko kwenye kiti chake cha enzi, ila watu wanavuka. Zikabaki kilomita 60 za Ndundu hadi Somanga, ambako kwa miaka mingi mabasi yalizama kwenye tope na abiria wakashuka kusukuma. Nazo tuliambiwa tuvumilie, ni majaliwa. Zilipowekwa lami, majaliwa yakaisha. Mpango gani wa Mungu huu unaofutika mkandarasi akilipwa?

Tazameni vifo vya uzazi. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Je, Mungu alibadili nia yake katikati? Alikuwa akiwapenda zaidi kina mama mwaka 2015, akawachoka ilipofika 2022? Tunajua kilichosaidia: wakunga, dawa za kuzuia damu, chupa za damu salama, na usafiri wa dharura wa m-mama unaoitwa kwa kupiga 115 bila malipo. Kila mama aliyenusurika anatushuhudia kwamba wengi waliozikwa kabla yake hawakuwa wameitwa. Walicheleweshwa.

Mzee mmoja wa kanisa aliniambia kwamba kusema hivi ni kumpunguzia Mungu uwezo. Mzee huyo huyo, paneli yake ya sola ilipoibwa, hakusema kazi ya Mungu haina makosa. Alikwenda polisi asubuhi kabla ya chai, akataja majina ya vijana watatu. Imani yake inamtuliza kifo kikiwa cha binti wa jirani, na inamruka paneli ikiwa yake. Hoja ya namna hiyo siijibu zaidi ya hapo.

Wanapenda pia kumtaja Ayubu na maneno yake ya Bwana kutoa na kutwaa. Wasome na sura zinazofuata. Ayubu aliuliza, akalalamika, akadai kesi yake isikilizwe, na mwishoni waliokemewa na Mungu ni wale rafiki zake waliokuja na majibu mepesi. Yesu naye alipozungumzia watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, aliikataa dhana kwamba walikuwa wakosefu kuliko wenzao. Majirani zetu Waislamu, ambao ndio wengi hapa Kilwa, nao wana fundisho la Mtume wao: mfunge ngamia kwanza, ndipo utawakali. Sisi tunaacha ngamia apotee, kisha tunaimba pambio.

Ugonjwa huu hauishii makaburini. Kimbunga Hidaya kilipokaribia Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari mapema. Barabara ilipokatika Somanga, nikasikia watu wazima wakisema Mungu ametuadhibu. Gesi ya Songo Songo inakwenda Dar es Salaam tangu 2004, na kaya nyingi za Kilwa bado zinapika kwa kuni. Hilo nalo tunaambiwa ni fungu letu. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kuu ya kusafirishia watumwa waliotoka upande wa Ziwa Nyasa. Kama kila kinachotokea ni mapenzi ya Mungu, basi minyororo ile nayo ilikuwa mapenzi yake, na waliopigania kuikata walimwasi. Mhubiri gani atasimama Kivinje aseme hivyo?

Enzi ya Mungu maana yake ni kwamba hakuna mwenye dhamana asiye na mkubwa wa kumdai hesabu, awe mhandisi, diwani au mganga mkuu. Hilo ndilo la kuhubiri msibani. Baba zangu wachungaji na mapadri, farijini wafiwa, ombeeni marehemu, kisha semeni bila woga: kalvati lilisombwa mwezi fulani, fedha zilitolewa mwezi fulani, kazi haikufanyika, na huyu mama amekufa kwa sababu hiyo. Atakayeona huko ni kukosa imani, akaisome upya amri inayokataza kulitaja bure jina la Mungu. Kulibandika jina hilo juu ya uzembe wa mtu aliyelipwa mshahara ni kuivunja amri hiyo hadharani, mbele ya jeneza.