Nyota Si za Wenye Gari

Katika kikao cha chama chetu cha wanafunzi muhula uliopita, mwenzetu mmoja alisimama kutufundisha namna ya kutazama nyota. Alisema vizuri, na ilionekana amesoma. Chagueni usiku usio na mwezi. Fungieni simu mfukoni. Yapeni macho dakika 20 hadi 30 yazoee giza. Kisha akamalizia kwa ushauri ulionifanya niandike makala hii: tokeni mjini, nendeni angalau kilomita 20, mtafute mahali pasipo na watu. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi sikupiga.

Nauliza: aende nani? Kwa gari la nani? Kilomita 20 kwa bodaboda ni nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na katikati yake saa 2 za kumlipa dereva akungoje, au kumwomba Mungu akumbuke kurudi. Na hilo neno "mahali pasipo na watu" mwenzangu alilitamka kwa raha, kama anayeutaja utulivu. Kwangu mimi, na kwa kila msichana aliyekuwa ukumbini, mahali pasipo na watu ni mahali ambapo ukipiga kelele hakuna atakayekusikia.

Mimi nimezaliwa Pakwach, mji mdogo ulio kando ya Nile, pale barabara ya kutoka Karuma inapovuka daraja na kuingia West Nile. Kwa hesabu ya wataalamu tuna bahati kubwa. Tuko karibu kabisa na ikweta, hivyo kwa mwaka mzima karibu nyota zote za kaskazini na za kusini hupita juu yetu. Mtu wa Ulaya hawezi kuiona Salibu bila kupanda ndege. Sisi tunaiona tukiwa tumekaa mkekani, jioni za Aprili na Mei, mawingu yakituruhusu. Ng'ambo ya daraja ni Mbuga ya Murchison Falls, na giza la huko ni giza kweli. Lakini giza la mbugani lina wenyewe. Kuna tembo, kuna nyumba za watalii ambazo bei ya usiku mmoja sitaitaja ili nisiwaudhi wazazi. Ukisema basi nikae upande wetu, ukingoni mwa mto, kiboko naye hutoka majini usiku kuja kula majani, na hana subira na mwanafunzi aliyeinua shingo kuangalia juu.

Kwa hiyo nasema wazi, na anayetaka kunipinga anipinge: mahali pazuri pa kutazama nyota si pale penye giza kuliko pote. Ni pale ambapo mtoto wa kike wa darasa la 7 anaweza kwenda kwa miguu na kurudi kwao salama saa 4 usiku. Kama ataona nyota chache kuliko za mbugani, na azione hizo chache.

Walionizidi umri watasema mji wetu umekwisha kupata heshima yake ya anga. Ni kweli. Jumapili ya tarehe 3 Novemba 2013 jua lilipatwa, na Pakwach ikawa miongoni mwa mahali pazuri zaidi pa kulitazama. Nilikuwa na miaka 10. Wageni walikuja kwa mabasi na kwa magari marefu yenye bendera, nyumba za kulala zikajaa, watu wakalala kwenye viti. Tuligawana miwani ya karatasi, wawili wawili. Saa 11 na kitu jioni giza likashuka, kuku wa jirani wakakimbilia bandani, na Zuhura ikaonekana juu ya jua lililozibwa, kweupe. Ikadumu chini ya nusu dakika. Mama yangu alilia, na hadi leo hajaniambia alilia nini.

Kesho yake mji ulikuwa na chupa tupu za maji na miwani iliyokanyagwa. Sikatai kwamba ilikuwa siku kubwa. Ninachokataa ni somo tuliloachiwa: kwamba anga ni jambo la wageni, hutokea mara moja, hudumu sekunde kadhaa, na likiisha tunafagia. Zuhura ile ile ilionekana pia Jumatatu, baada ya jua kuchwa. Hakuna basi lililokuja.

Sasa nifike kwenye taa, kwa sababu bila taa ugomvi huu hauna maana. Mji ulipokuwa gizani, kila ua lilikuwa mahali pazuri pa kutazama nyota. Sasa tuna taa za sola barabarani, taa za vituo vya mafuta, taa ya kila duka, na nyingi hazina kifuniko: zinamulika juu na pembeni kana kwamba popo nao walichangia fedha za kuzinunua. Mwanga mweupe wa taa hizi mpya hutawanyika angani kuliko ule wa manjano wa zamani, na ukiingia jichoni unafuta kazi yote ya zile dakika 20.

Nilipomweleza mama haya alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, wewe hulijui giza." Mama huuza samaki wakavu kando ya barabara. Kabla ya taa alikuwa akifunga biashara magharibi. Siku hizi anauza hadi saa 3. Na zaidi ya hapo, yeye anaikumbuka barabara ya Karuma wakati wa waasi wa LRA, magari yalipokuwa yakisubiri kusindikizwa na wanajeshi ndipo yaondoke kwa msafara, na asiyefika kabla ya usiku hakuna aliyeuliza sana amekwama wapi. Kwa watu wa umri wake taa si pambo. Ni tangazo kwamba vita vimekwisha. Wanaharakati wa giza, ambao wengi wao wanaandika wakiwa kwenye vyumba vyenye umeme, hawajamjibu mama yangu. Mimi nitajaribu.

Simwambii mama azime taa yake. Namwambia taa yake imulike samaki. Fundi bati yeyote sokoni anaweza kukata kipande cha bati, akakikunja kikawa kofia ya taa, na mwanga wote ukashuka chini mezani. Mteja ataona samaki vizuri zaidi, maana taa isiyo na kofia inampiga machoni, na nyuma ya mng'ao ule ndipo mwizi husimama bila kuonekana. Jaribu mwenyewe: ziba taa kwa kiganja cha mkono, uone ni watu wangapi ghafla wanatokeza gizani. Usalama ni kuona, na taa mbaya inazuia kuona.

Na pale ambapo hakuna anayeuza wala anayepita, taa inaweza kuzimwa kwa saa 1. Hapa nina kisa. Desemba 2024 nilikwenda kwenye shule moja ya msingi mjini kwetu kuomba taa kubwa ya uwanjani izimwe kwa saa 1 tu, ili watoto wa mtaa wetu watazame nyota. Uwanja una ukuta, una lango, una mlinzi, na uko hatua chache kutoka nyumba za watu. Niliyemwomba alicheka. Akaniuliza nina darubini? Sina. Nina barua ya chuo? Sina. Basi akanishauri niwapeleke mbugani, "huko ndiko kunafaa." Yaani mtu mwenye swichi ukutani ananielekeza kwenye tembo.

Hatukwenda mbugani. Tulizunguka nyuma ya kanisa letu, kwenye uwanja mdogo ambao taa yake ina swichi na swichi ina mzee, na mzee yule alikuwa rafiki wa marehemu babu. Ilikuwa tarehe 28, mwezi haukutoka hadi karibu na alfajiri. Tulikuwa watoto 11, mimi, dada yangu, na nyanya yetu juu ya kiti cha plastiki. Mzee alizima saa 2 na nusu. Dakika za mwanzo watoto walisukumana na kulalamika kwamba hawaoni kitu. Kisha mmoja akanyamaza, na mwingine.

Magharibi ilikuwapo Zuhura, inang'aa hata kabla hatujazima taa, na juu yake Zohali, hafifu, ya manjano kidogo. Upande wa mashariki Mshtarii ilikuwa imepanda, na karibu yake Kilimia. Nyanya hajui Kiswahili kingi, lakini nilipoinyoshea kidole Kilimia alikatiza maelezo yangu kwa Kialur: hizo anazijua, zikianza kuonekana mashariki jioni, mvua zinakwenda kuisha. Neno Kilimia lenyewe limetoka katika kulima. Watu wawili ambao hawakuwahi kuonana, mkulima wa pwani na nyanya yangu, walikuwa wakisoma kalenda ile ile. Saa 3 na nusu ilipokaribia Mirihi ikaanza kutokeza chini kaskazini-mashariki, nyekundu, na upande wa kusini nikawaonyesha Suheli, ambayo mabaharia wa Waswahili waliijulia kusini. Mzee akawasha taa. Kufikia saa 4 kila mtoto alikuwa kwao, na hakuna aliyetumia hata shilingi.

Hapa ninageukia wenzangu wa Kiswahili, na walimu wetu wanisamehe. Nchini kwetu lugha hii ilichelewa kupendwa. Mama aliisikia kwanza kwa wanajeshi wa misafara, na nilipomwambia naenda kuisoma chuoni aliniuliza kama nataka kuwa askari. Tunajitahidi kuwashawishi watu kwamba ni lugha ya elimu. Lakini tunafanyaje? Tunakariri Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali kwa ajili ya mtihani wa msamiati, tunapata alama, na ukimtoa mwanafunzi nje usiku umwambie akuonyeshe Mshtarii anakuonyesha mnara wa simu. Maneno haya hayakutungwa ukumbini. Yalikaa midomoni mwa watu waliokuwa wakitazama juu kwa sababu safari na shamba vilitegemea kutazama huko. Tukiyafundisha bila kutoka nje tunafundisha maganda.

Na mtu asiniambie tungoje vifaa. Mwaka 2022 nchi yetu ilipeleka angani setilaiti yake ya kwanza, PearlAfricaSat-1, nasi tukashangilia, na tulikuwa na haki. Afrika Kusini wana mji mdogo uitwao Sutherland wenye darubini kubwa ya SALT, na tangu mwaka 2007 wana sheria ya kulinda maeneo yanayofaa kwa elimu ya nyota. Vizuri sana. Lakini sheria na darubini ni mambo ya bajeti, na bajeti ina foleni. Swichi haina foleni.

Kwa hiyo ombi langu kwa idara ni dogo. Uwanja wa michezo wa chuo una ukuta, una walinzi wawili, na uko mkabala na bweni la wasichana. Taa zake 4 huwaka usiku kucha zikimulika nyasi. Naomba zizimwe kwa saa 1, usiku mmoja kila mwezi, mwezi usipokuwapo, mhadhiri mmoja akiwapo, na atakayekuja aje na mkeka na majina ya nyota kwa lugha ya kwao. Orodha ya walio tayari ninayo. Hadi leo asubuhi tulikuwa 14, na 9 kati yetu ni wasichana. Yule mwenzetu wa kilomita 20 amejiandikisha pia, nambari 12. Amesema gari la kaka yake limeharibika.