Shahidi wa Kukodi

Neno ninalolipinga hapa ni fupi, na nimelisikia likisemwa na watu wenye akili zao: "Ni matangazo tu." Wanasema hivyo kuhusu maoni ya wateja ambayo wameyaandika wenyewe mtandaoni, au wameyanunua, au wamewaomba binamu na mashemeji wayaandike. Hoteli ina nyota tano, mgahawa una nyota tano, kampuni ya kupandisha watalii Mlima Kilimanjaro ina nyota tano na sifa mia kadhaa. Ukiuliza ni wangapi kati ya hao wanaosifu waliwahi kufika, unaambiwa acha ukorofi, biashara ni matangazo.

Hapana. Tangazo lina mwenyewe. Nikipita sokoni nikaona ubao umeandikwa "Pilau bora kuliko zote mjini," najua nani amesema: mwenye pilau. Nayapunguza maneno yake nusu, kama kila mtu anavyofanya, na hakuna aliyedhulumiwa. Maoni ya mteja ni kitu kingine. Ni ushahidi. Yanasema: nilikwenda, nililala, nilikula, nililipa kwa fedha yangu, sina undugu na mwenye mali, na sasa nakueleza wewe nisiyekujua kile nilichokiona. Thamani yake yote imo katika mambo mawili: kwamba msemaji alikuwepo, na kwamba hana anachopata kwa kusema. Yakikosekana hayo mawili, kinachobaki hakiwezi kuitwa tangazo. Kinaitwa ushahidi wa uongo, na duniani kote, katika dini zote ninazozijua, ushahidi wa uongo haujawahi kuwa jambo dogo.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Walisema hivyo wakiwa mahali ambapo mnunuzi aliweza kumuuliza jirani. Fundi cherehani akiharibu gauni la harusi, mtaa mzima ulijua kabla ya Ijumaa. Leo mnunuzi yuko Chicago, muuzaji yuko Moshi, na hawana jirani wa pamoja. Nyota zimekalia kiti cha yule jirani. Kwa hiyo anayenunua nyota anamhonga jirani wa watu.

Na kiti hicho kina fedha. Mwaka 2011 Michael Luca wa Harvard alichapisha utafiti kuhusu migahawa ya mji wa Seattle, Marekani, na maoni yake katika tovuti ya Yelp. Aliona kwamba nyota moja ikiongezeka, mapato ya mgahawa yanapanda kwa asilimia 5 hadi 9. Aliona jambo jingine ambalo wengi hulisahau: nguvu hiyo ya nyota ilikuwa kwa migahawa inayojitegemea. Ile ya makampuni makubwa yenye matawi kila mahali haikutikisika, maana jina lake linajulikana tayari. Maana yake ni kwamba nyota ni mtaji wa mdogo. Mkubwa ana jina, ana mabango, ana mwanasheria. Mdogo ana maneno ya wateja wake peke yake. Basi anayesema "ni matangazo tu" anamwibia nani? Anamwibia mdogo mwenzake, yule wa mlango wa pili, aliyengoja miaka mitatu apate maoni thelathini ya kweli, akaamka siku moja akakuta jirani yake amepata mia mbili kwa wiki moja.

Kuhusu urahisi wa jambo hili, mfano wa London unatosha. Mwaka 2017 mwandishi Oobah Butler, ambaye zamani aliwahi kulipwa pauni 10 kwa kila sifa ya uongo aliyoandikia migahawa, aliamua kusajili kibanda cha uani kwake kama mgahawa katika TripAdvisor. Aliuita The Shed at Dulwich. Picha za vyakula alizitengeneza kwa povu la kunyolea ndevu na vidonge vya kusafishia. Picha mojawapo "chakula" kilikuwa kisigino chake. Marafiki zake wakaandika maoni. Kibanda kilianza kikiwa cha mwisho, nambari 18,149, na ilipofika Novemba kilikuwa cha kwanza London nzima. Hakikuwa kimempikia mteja hata mmoja. Watu walikuwa wakipiga simu wakiomba nafasi, na kila walipoambiwa pamejaa, hamu yao ilizidi.

Watu huisimulia habari hiyo wakicheka, na inachekesha kweli. Lakini mimi namfikiria mgahawa uliokuwa wa kwanza siku moja kabla. Mle ndani mlikuwa na mpishi aliyeamka alfajiri kwenda sokoni.

Turudi nyumbani. Nimekulia Moshi, mji ambao nusu ya vijana niliosoma nao wanakula kutokana na mlima kwa namna moja au nyingine. Kazi yangu ni kuandika na kutafsiri, na ndiyo maana kijana mmoja wa kampuni ya utalii, ambayo sitaitaja, alinifuata mchana mmoja kwenye kibanda cha chai karibu na stendi.

"Kaka, Kiingereza chako kimenyooka," alisema. "Niandikie maoni 20. Elfu tano kila moja. Mmoja awe Mjerumani, Kiingereza chake kikwamekwame kidogo. Mwingine awe mama wa Canada aliyepanda na binti yake."

Nilimuuliza huyo mama wa Canada alifika kileleni au alirudi njiani.

"Alifika, kaka. Wote wamefika."

Nilikataa, na nilimweleza kwa nini. Hakukasirika. Alinijibu kwa upole, kama mtu anayemsikitikia mzee: "Wenzetu wote wanafanya. Tusipofanya sisi, tunakufa." Hoja hiyo ndiyo nzito kuliko zote, nami sitaki kuipita pembeni. Kampuni ndogo inapofunguliwa Moshi au Arusha haina maoni hata moja, na bila maoni hakuna mteja, na bila mteja hakuna maoni. Mlango umefungwa na ufunguo uko ndani. Naelewa kwa nini mtu anavunja dirisha.

Lakini tazama nani analipia dirisha. Safari ya siku saba mlimani mara nyingi ni dola 2,000 au zaidi. Mwalimu wa shule wa huko ng'ambo amekusanya fedha hizo kwa miaka. Mlima wenyewe una mita 5,895, na kule juu hewa ni nyembamba kiasi kwamba mwongozaji asiyejua dalili za ugonjwa wa mwinuko anaweza kumpoteza mtu usiku mmoja. Mama wa Canada asiyekuwepo anamwambia mwalimu huyo: waongozaji hawa walinitazama vizuri, nenda nao. Hapo suala la kushindana na mwenye duka mwenzako limekwisha. Umemshika mgeni mkono gizani ukamwambia njia iko hapa, na hujui kama iko.

Wengine wananiambia, mbona wazungu wenyewe ndio mabingwa wa mchezo huu? Ni kweli, wamo. Nao wameanza kuadhibiwa. Huko Lecce, Italia, mwaka 2018 ilitangazwa kwamba mahakama imemhukumu kifungo cha miezi tisa mwenye biashara ya kuuza maoni ya uongo kwa hoteli na migahawa. Marekani, mwaka 2022, kampuni ya mavazi ya Fashion Nova ilikubali kulipa dola milioni 4.2 kumaliza madai ya kwamba ilizuia maoni yaliyo chini ya nyota nne yasionekane katika tovuti yake. Kumbuka: hapo hakuna aliyedaiwa kutunga sifa hata moja. Kuwaziba mdomo walionung'unika kulitosha kuwa kosa. Kisha mwaka 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ikatoa kanuni inayokataza kuuza na kununua maoni ya uongo, mazuri au mabaya, na ikaanza kutumika Oktoba mwaka huohuo. Sisi nasi hatuko mikono mitupu. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kibiashara unaopotosha au kudanganya. Mama wa Canada wa kutungwa anaingia humo bila kuinama.

Sheria itawakuta waongo. Kuna jambo jingine ambalo sheria hailigusi, nalo linaniudhi zaidi. Hata maoni ya kweli, yaliyoandikwa na mtu aliyekuwepo, yanaweza kuwa ushahidi mbovu, kwa sababu shahidi alionyeshwa sebule peke yake.

Mtalii anayepitia njia ya Machame anashukia geti la Mweka. Amechoka, amefurahi, ana cheti mkononi. Wapagazi, wale tunaowaita wagumu, wameimba na kupiga makofi. Ndipo mwongozaji anapomwambia, kwa tabasamu na kwa wasiwasi pia, kwamba akipata intaneti hotelini asisahau nyota tano, na kama inawezekana amtaje kwa jina, maana bosi huyasoma. Mtalii anaandika nyota tano. Hajadanganya. Chakula kilikuwa moto, hema lilikuwa kavu, mwongozaji alikuwa mcheshi. Lakini hajui kama mgumu aliyebeba meza na viti vyake alikula mara tatu kwa siku au mara moja. Hajui alilala kwenye hema la nani. Hajui kama bahasha ya bakshishi aliyoitoa kwa moyo mweupe iligawanywa au ilipunguziwa njiani. Kanuni inasema mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20. Alichokiona mtalii ni mizani ya getini, hakuona kilichoongezwa baada ya geti. Kwa hiyo zipo kampuni zenye nyota tano za halali kabisa, kutoka kwa wateja wa kweli, huku waliowabebea wateja hao wameshuka mlimani na njaa.

Na nyota zenyewe zinasaidia kuficha. Mgumu akilalamika, mtalii atasikia, nyota zitapungua, na yeye hataitwa safari ijayo. Kilichobuniwa ili mteja aseme ukweli kimekuwa kufuli mdomoni mwa mfanyakazi. Nimeona jambo hilohilo kwa madereva wa teksi za programu za simu: "Bosi, naomba nyota tano," anasema baba wa miaka hamsini kwa kijana wa miaka ishirini, kwa sababu wastani ukishuka anaweza kufungiwa kazi. Ukimpa tano katika hali hiyo umempa huruma. Huruma ni jambo jema, ila haimwambii abiria ajaye chochote kuhusu breki za gari.

Mjini Moshi upo mradi wa kuwasaidia wapagazi wa Kilimanjaro, KPAP, ulioanza mwaka 2003. Kazi yake mojawapo ni kuzifuatilia kampuni zinazokubali kufuatiliwa: ujira, chakula, mahema, uzito wa mizigo. Na njia yake ni ya kawaida mno hata inatia aibu kwamba haikuwa ya kwanza kufikiriwa na kila mtu: inawauliza wapagazi. Shahidi wa mzigo ni aliyeubeba. Sisemi kila mgahawa uanzishiwe mradi. Nasema ushahidi una thamani pale shahidi anapokuwa ameona jambo lenyewe, na pale anapoweza kusema bila kupoteza mkate wake. Nyota tano tulizonazo mara nyingi zinakosa kimoja, na zile za kununua zinakosa vyote viwili.

Kwa hiyo nina madai, nayo siyapunguzi.

Wenye kampuni, acheni kuomba nyota tano. Ombeni maoni. Mtu akikupa tatu na sababu, mjibu hapohapo hadharani ueleze umerekebisha nini. Mnunuzi mwenye akili husoma majibu hayo kabla ya sifa. Na kampuni changa zisizo na maoni, semeni hivyo: sisi ni wapya, waongozaji wetu ni hawa, leseni zao ni hizi, simu zao ni hizi, waulizeni. Ni njia ndefu, ila dirisha linabaki zima.

Wenye tovuti, mnaochuma kutokana na maneno ya watu: mtu anayeandika sifa za kampuni tano za nchi tano ndani ya siku moja mnamwona. Mnamwona kabla yetu. Kumwacha ni uamuzi wenu, msituambie ni bahati mbaya.

Na wewe uliyekwenda kweli, ukalala kweli, ukalipa kweli: andika. Kunyamaza kwako ndiko kunakoacha uwanja kwa wa kukodi. Usiandike "huduma nzuri sana, nitarudi tena". Hata asiyekuwepo anaweza kuandika hivyo. Andika maji ya moto yalikuwepo saa ngapi. Andika bei uliyoambiwa na bei uliyolipa. Na kama ulipanda mlima, kabla hujagusa nyota yoyote, mtafute mgumu aliyebeba begi lako, mbali kidogo na mwongozaji, umuulize ana jina gani, alilala wapi, na amelipwa kiasi gani. Kama ameogopa kujibu, liandike na hilo.