Vumbi la Asbesto Nyumbani

Asbesto ni madini yenye nyuzi zisizoshika moto, ndiyo sababu yalichanganywa na saruji kuezekea nyumba na shule zetu. Paa lililo zima hatari yake ni ndogo. Likivunjwa au likikatwa, nyuzi hupeperuka, hukaa mapafuni, na saratani huweza kuzuka baada ya miaka 20 hadi 40.

Mwaka 1965, madaktari wa London waligundua kuwa hata waliofua tu nguo za kazi za jamaa zao walipatwa na maradhi hayo. Basi akina mama, tusifagie vipande vikavu wala kukung’uta nguo zenye vumbi hilo. Kazi ya kuliondoa paa tuwaachie wenye leseni ya NEMA. Afya ni amana.